Ovalodi ya shilingi 55,000 kwenye mashine ya kusaga: tathmini baada ya miezi kumi na mitatu

Mwezi Oktoba mwaka juzi, mota ya mashine yangu ya kusaga hapa Ipuli, Manispaa ya Tabora, iliungua saa nane mchana huku wateja wakiwa wamepanga madebe hadi nje ya mlango, na breka ya ampea 63, yaani swichi ya kujikata umeme ukizidi, iliyokuwa ukutani haikushuka hata moshi ulipoanza kutoka upande wa feni. Kijana wa mashine ndiye aliyezima kwa mkono. Kuisuka upya kulinigharimu shilingi 480,000 na siku tisa za mlango kufungwa, na katika siku hizo wateja wangu walizoea njia ya kwenda kwa jirani. Haya ninayoandika ni tathmini ya kifaa nilichonunua baada ya hasara hiyo, yaani swichi ya joto ya kulinda mota, ambayo mafundi wetu huiita ovalodi, pamoja na neno kidogo kuhusu duka lililoniuzia. Nimekaa nacho miezi kumi na mitatu, kwa hiyo nimekiona wakati wa masika na wakati wa jua kali.

Kwanza nieleze kwa nini breka ile kubwa haikufanya lolote, kwa sababu hilo ndilo swali nililomuuliza kila fundi niliyekutana naye wiki ile, na wengi wao walinijibu kwamba breka ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Mota yangu ni ya kilowati 15, ambazo ni hosipawa 20, na kibati chake kinaonyesha ampea 29 kwa volti 400. Ilipotoka kusukwa na kufungwa kwenye kinu kile kile, mita ya kubana waya ilisoma ampea 38, kwa kuwa beringi za kinu zilikuwa zimekwisha na mhimili ulizunguka kwa taabu. Kwa breka ya 63, ampea 38 ni mzigo wa kawaida ambao ingeubeba usiku kucha. Kwa mota ya 29, huo ni ugonjwa, kwa sababu joto ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukizidi kwa asilimia 31, joto huzidi kwa asilimia 72 hivi. Wanaosuka mota wana kanuni yao ya zamani kwamba kila nyuzijoto 10 zinazopanda juu ya kiwango ambacho vanishi inayofunika waya imetengenezewa huukata umri wa vanishi hiyo nusu. Breka ilikuwa inalinda waya zilizopita ukutani, na waya zilizopita ukutani zilipona.

Nilikwenda mjini na kikaratasi nilichoandikiwa na fundi: "Ovalodi, 23 hadi 32." Duka lenyewe ni dogo, rafu zake zimejaa swichi na mirija ya plastiki hadi darini, na muuzaji ni kijana ambaye hakuharakisha kuchukua pesa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipatie hiki kilichoandikwa hapa."

Alikitoa, akakiweka juu ya meza, kisha akaendelea kukishikilia. "Mota yako inasoma ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na ndani ya boksi la stata kuna kontakta ngapi?"

Nilikuwa na picha ya stata, yaani boksi la kuwashia mota, kwenye simu; tukahesabu pamoja kontakta zake, zile swichi kubwa za sumaku zinazoipa mota umeme, zikawa tatu.

"Basi hii haikufai, mwalimu. Nikikuuzia hii nitakuwa nimekuuzia pambo."

Akairudisha rafuni, ingawa bei yake ilikuwa 70,000, akanipa nyingine ya kipimo cha 12 hadi 18 kwa shilingi 55,000. Kontakta tatu maana yake ni stata ya sta-delta, inayoanzisha mota polepole kwa kuunganisha koili zake kwanza kwa mtindo wa nyota (sta) kisha wa pembetatu (delta), na katika stata ya namna hiyo ovalodi hufungwa chini ya kontakta kuu, mahali ambapo mota ikishaingia kwenye delta haupiti mkondo wote wa laini, yaani wa nyaya zinazoleta umeme, bali mkondo wa kila koili peke yake, ambao ni 0.58 ya ule wa laini. Kwa mota yangu, 29 mara 0.58 ni kama 17, na hapo ndipo kirungu cha kuchagulia ampea kinapopaswa kuelekezwa. Kama ningenunua ile ya kwanza na kuielekeza kwenye 29 kama kibati kinavyosema, ingenilazimu mota ivute ampea 50 kutoka kwenye laini ndipo kifaa kianze kuhisi jambo. Ningerudi kwenye mota ya kuungua nikiwa na kifaa cha kinga ukutani na risiti yake mfukoni. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baada ya hapo nimechungulia maboksi ya mashine nne za wenzangu hapa mjini, na mbili kati yake zimewekwa namna hiyo.

Kifaa chenyewe kinaingia kwenye kiganja. Juu kina pini tatu za shaba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye kontakta, chini kina skrubu za kufungia nyaya za mota, na mbele kina kirungu cha kuchagua ampea, kitufe chekundu cha kujaribia na kitufe cha buluu cha kukirudisha. Ndani yake, mkondo wa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu za umeme, unapita kwenye kiwaya kinachopasha moto utepe uliotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamana, metali moja ikiwa ni ya kutanuka sana inapopata joto na nyingine ya kutanuka kidogo. Zikipashwa pamoja haziwezi kurefuka sawa, hivyo utepe hujipinda, na ukijipinda vya kutosha husukuma kikono kinachofyatua swichi ndogo. Ni utaratibu ule ule ulio ndani ya pasi ya umeme nyumbani, ila hapa joto linalopimwa ni la mkondo. Ovalodi haikati umeme wa mota kwa nguvu zake yenyewe. Swichi yake ndogo, iliyoandikwa 95 na 96, hukata umeme mwembamba unaoshikilia kontakta, na kontakta ndiyo inayoachia. Fundi asiyefunga 95 na 96 amefunga mapambo, na nimesikia kwamba wapo. Pini nyingine mbili, 97 na 98, hufunga badala ya kufungua. Hizo nimeziunganisha na taa nyekundu iliyo juu ya mlango, ili hata nikiwa barazani nijue kwamba mashine imezimwa na kinga wala si kwa kukatika umeme.

Ucheleweshaji wake ni wa makusudi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta, kwa sekunde chache, mkondo ulio mara kadhaa ya ule wa kazi, na kifaa kinachokata papo hapo kisingeiruhusu kuanza hata siku moja. Hiki changu kimeandikwa daraja la 10A, maana yake ni kwamba mkondo ukifika mara 7.2 ya ulioelekezwa, kitakata ndani ya sekunde 2 hadi 10. Ukizidi kwa nusu tu, wakati kifaa kimeshapata joto la kazi, kitakata kabla ya dakika mbili kwisha. Na ukizidi kwa asilimia tano tu, hakitakata, wala hakitakiwi kukata.

Sikutaka kuamini maandishi peke yake, maana vifaa vya bandia vipo na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Fundi wa pili, ambaye sababu ya kuja kwake nitaieleza hivi punde, alikijaribu mbele yangu. Aliacha mashine isage mahindi makavu kwa robo saa, akabana mita kwenye waya mmoja chini ya ovalodi, ikasoma 16. Kisha akazungusha kirungu kutoka 17 hadi 12, akatazama saa ya simu. Dakika ya kwanza kimya, ya pili kimya, na kabla ya dakika ya sita kutimia kontakta ikaachia kwa mlio mmoja na taa nyekundu ikawaka. Akarudisha kirungu kwenye 17, akasubiri ipoe, akabonyeza kitufe cha buluu. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote cha gharama, na ningemshauri kila mnunuzi asimlipe fundi kabla hajaliona.

Sasa lawama, na ya kwanza ni kubwa. Kitufe cha buluu kina sehemu mbili za kukielekeza: H, ambapo mtu hukirudisha kwa mkono, na A, ambapo kifaa hujirudisha chenyewe kikipoa. Kutoka kiwandani kilikuja kikiwa kwenye A, karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kichina na Kiingereza chenye maandishi madogo kuliko mbegu za mchicha, na fundi wa kwanza alikiacha hivyo hivyo. Isitoshe, stata yangu wakati huo iliwashwa kwa swichi ya kuzungusha ambayo ukishaiwasha hubaki imewaka. Wiki ya pili mashine ilizima yenyewe katikati ya debe. Kijana alidhani umeme umekatika; akafungua skrubu za kifuniko cha kinu ili atoe mahindi yaliyoganda kwenye nyundo, na alikuwa ameshika skrubu ya mwisho wakati kontakta ilipobana na nyundo zikaanza kuzunguka nyuma ya kifuniko kilicholegea. Mkono ulikuwa nje. Kwa muda hakuna aliyesema neno, hata mama mwenye debe alinyamaza.

Jioni ile ile nilimwita fundi wa pili. Alikigeuza kitufe kwenye H, akaiondoa swichi ya kuzungusha na kuweka vitufe viwili vya kuwasha na kuzima vyenye kujishikilia, ambavyo umeme ukikatika kwa sababu yoyote haviwezi kuwasha mashine mpaka mtu abonyeze. Kazi hiyo ilinigharimu shilingi 35,000. Kwa pampu ya maji iliyo shimoni, mbali na mikono ya watu, hali ya A inaweza kuwa na faida yake. Kwa kinu, mkanda na msumeno, kifaa hiki hakikupaswa kutoka dukani kikiwa kwenye A, na hapo ndipo ninapoipunguzia nyota moja kati ya tano. Duka halikunionya pia, na nilipomweleza yule kijana alikiri, akasema kwamba tangu sasa atakuwa anaigeuza kabla ya kufunga mfuko. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimwona akifanya hivyo kwa mteja mwingine.

Baada ya hapo kifaa kilianza kulipa deni lake. Mwezi Mei watu walileta mahindi mapya yasiyokauka vizuri, ambayo huziba chekeche na kuukaza mkanda, na kwa wiki mbili ovalodi ilizima mashine mara tano. Mwanzoni wateja walinung'unika, na mimi nilishawishika kukipandisha kirungu hadi 18 ili foleni isogee. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu kupandisha kirungu hakuongezi nguvu ya mota, kunaongeza tu muda wa kuichoma. Tulichofanya ni kufunga nusu kilango cha kumiminia nafaka, na mahindi yenye unyevu tukayatoza muda mrefu zaidi wa kusubiri. Kifaa huhitaji dakika kadhaa kupoa kabla ya kukubali kurudishwa, na kijana asiyejua hubonyeza kitufe mara kumi akidhani kimeharibika. Utepe ukiwa bado umepinda hakuna kidole kitakachoushinda. Dakika hizo ni za mota pia: koili zake nazo zinapoa.

Tukio la Agosti ndilo lililonifanya niandike. Waya wa fezi moja kwenye swichi kuu yangu mwenyewe ulilegea kwa mtikisiko, ukawa unashika na kuachia, hatimaye ukaachia kabisa huku mashine ikiwa na mzigo. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja haizimi. Inaendelea kuzunguka, inabadilisha sauti na kuvuma kama nyuki waliochokozwa, huku koili zilizobaki zikibeba mkondo uliozidi uwezo wake. Watu wa mashine wanajua kwamba mota nyingi hufa namna hii, tena kwa dakika chache. Ndani ya ovalodi kuna vibao viwili vya plastiki vinavyoteleza vikisukumwa na tepe zote tatu; tepe zikijipinda sawa vibao husogea pamoja, lakini mmoja ukipoa na wenzake wakizidi kupinda, vibao huachana na kukifyatua kifaa mapema kuliko kawaida. Nilisikia ule mvumo nikiwa barazani, nikanyanyuka, na kabla sijafika mlangoni taa nyekundu ilikuwa imewaka. Fundi alikaza skrubu moja, tukasaga tena baada ya nusu saa. Kwa bei ya kusuka mota niliyoitaja juu, msomaji anaweza kupiga hesabu yake.

Oktoba iliyofuata ilileta fumbo lililomfanya kila mtu akilaumu kifaa hiki bure. Kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, mara tu baada ya ajali ya kwanza nilikuwa nimeiondoa breka ya 63 na kuweka ya 32. Sasa kila siku kati ya saa nane na saa kumi mchana umeme wa mashine ulikatika, asubuhi na jioni hakuna shida. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja, na hilo ndilo lililotuelekeza: kilichoshuka kilikuwa ni breka. Boksi langu la bati lilikuwa ukuta wa magharibi, na wanaoijua Tabora kabla ya mvua za kwanza wanajua jua la mchana linavyofanya bati. Breka hizi ndogo nazo zina utepe wa metali mbili ndani, na kipimo chake huwekwa kwa nyuzijoto 30; zikikaa ndani ya boksi lenye joto kubwa zaidi, utepe unakuwa umeshajipinda nusu ya safari kabla ya mkondo kupita, hivyo ya 32 inaanza kufanya kazi kama ya 28 au chini yake. Ovalodi yangu, kinyume chake, ina utepe wa ziada usiopitisha mkondo, unaojipinda kwa joto la hewa tu na kufidia kosa hilo, ndiyo maana ilitulia. Tulihamishia boksi ukuta wa ndani na kuweka breka ya 40 ya aina ya D, ambayo sehemu yake ya sumaku huvumilia mkondo wa kuanzia, na waya zangu za milimita za mraba 10 zinaimudu. Tangu hapo pamekuwa shwari.

Breka haiondoki kwa sababu ovalodi ipo. Nyaya zikigusana, mkondo huruka ghafla kwa kiwango ambacho utepe hauna muda wa kujipinda. Hapo ni sumaku ya breka inayokata, na ovalodi ikiachwa peke yake itaungua yenyewe.

Upungufu ambao hakuna kirungu kinachoweza kuurekebisha ni huu: kifaa hiki hakiioni mota, kinauona mkondo wake tu. Katika nyumba ya kusagia, vumbi la unga hujaa kwenye mapezi na kwenye kifuniko cha feni, mota ikakosa pumzi na kuchemka ingawa inavuta ampea 27 zilizo halali. Ovalodi haitajua. Dawa yake ni swichi nyingine ya joto, ndogo kama kifungo cha koti, inayolazwa katikati ya koili wakati wa kusuka na kuunganishwa mfululizo na zile pini 95 na 96. Ndani yake hakuna utepe bali kisahani cha metali mbili kilichobinuka kidogo, ambacho kikifikia joto lake hupinduka ghafla kwa mlio, kama kifuniko cha kopo unapokibonyeza. Mmarekani John Spencer aliipata fikra hiyo miaka mia moja hivi iliyopita alipokuwa akiangalia tanuri katika kiwanda cha mbao huko Maine, akaona mlango wa tanuri ukibinuka kwa kishindo kadiri joto lilivyobadilika. Kisahani cha namna hiyo kipo kwenye kompresa ya jokofu nyumbani kwako, na ule mlio wa "tik" unaosikia umeme unaporudi ukiwa mdogo mara nyingi ni wake.

Aliyeisuka mota yangu hakuniambia kwamba kitu hicho kipo, nami sikujua kuuliza. Duka halina, kijana alisema anaweza kuviagiza Dar es Salaam vitatu, kimoja kwa kila fezi, navyo vimekwisha kufika, vimo kwenye bahasha ndani ya droo ya meza yangu vikisubiri siku mota itakapofunguliwa tena. Kwa sasa kila Jumamosi jioni, mashine ikishazimwa na swichi kuu kushushwa, kijana huchukua brashi kavu na pampu ya baiskeli, akapuliza pezi moja baada ya jingine mpaka rangi ya kijani ya mota ionekane.